Nilifuta Majina ya Wenzangu

Naungama kosa nililolifanya nikiwa na muda wa kutosha na vifaa vyote vilivyohitajika. Nilikabidhiwa kazi ya kuhamisha historia ya programu yetu kutoka Subversion kwenda Git, nami katika kuihamisha nikaiharibu. Nilifuta majina ya walioiandika, nikaacha nyuma matoleo tuliyokuwa tumewapa wateja, na nikakata uzi uliounganisha mabadiliko na sababu zake. Kisha nikatia saini kwamba kazi imekamilika, na seva ya zamani ikafutwa kwa neno langu. Hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo. Nilidhani nasafisha.

Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi, Dar es Salaam, ilitengeneza programu ya vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, yaani SACCOS: hisa za wanachama, akiba, mikopo, marejesho, riba. Programu ya aina hiyo haiandikwi siku moja ikaisha. Mkutano mkuu wa chama hukaa, hubadili masharti ya mkopo, na uamuzi ule huishia kuwa mistari michache ya msimbo ambayo mgeni akiisoma hajui kwa nini ipo. Jibu lake hukaa kwenye historia: nani aliandika, lini, na kwa sababu gani.

Subversion, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, hutunza historia hiyo mahali pamoja tu, kwenye seva. Kila badiliko hupewa namba inayopanda, na watu huizoea namba hiyo kiasi cha kuitumia katika mazungumzo na maandishi: soma r1874, rudi r2210. Kompyuta ya mfanyakazi hubeba faili za toleo analolifanyia kazi, bila yale yaliyotangulia. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, ina mpango mwingine. Anayechukua nakala kamili huchukua historia nzima, na kila badiliko hutambulishwa kwa herufi na tarakimu 40 zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake: hali ya faili, badiliko lililotangulia, jina la mwandishi, wakati, na maelezo. Ukigusa herufi moja ya jina katika badiliko la zamani, utambulisho wake hubadilika, na wa mabadiliko yote yaliyojengwa juu yake hubadilika pia. Kwa hiyo anayeiandika upya historia ya Git haachi kitu kilivyokuwa. Nililijua hilo kabla sijaanza.

Hatua ya kwanza niliitumia amri ya git svn, ambayo huvuta badiliko moja moja kutoka Subversion na kulijenga upya ndani ya Git. Kwa kawaida amri hiyo huandika mwishoni mwa kila maelezo mstari mmoja unaotaja namba ya zamani. Mstari huo niliuona unachafua macho, nikatumia chaguo la kuuondoa. Kwa uamuzi huo, kila mahali mtu alipoandika "tazama r1874" pakabaki bila pa kutazama. Namba ilibaki kwenye sentensi, na kilichokuwa kinatajwa hakikutambulika tena.

Hatua ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Subversion ilikuwa inawajua wenzangu kwa majina yao ya kuingilia tu, na git svn ilipowaleta iliwapa mahali pa anwani ya barua pepe msururu wa herufi usio na maana kwa msomaji. Dawa yake ni ya zamani na inajulikana: unaandika faili la majina, upande mmoja jina la kuingilia, upande wa pili jina kamili na anwani, unaikabidhi amri, nayo inaweka kila mtu mahali pake. Kulijaza faili hilo kungenilazimu kuwapigia simu watu waliokwisha kuondoka, kuwauliza waandikwe vipi. Sikuwapigia.

Nikachukua njia ya mkato. Amri ya git fast-export huitoa historia ya repo, yaani hazina ya msimbo na historia yake, kama mkondo wa maandishi. Ndani ya mkondo huo utaona kila faili na kila badiliko, mstari wa mwandishi, mstari wa aliyelipokea, wakati uliohesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, kisha neno data na idadi kamili ya baiti za maelezo yanayofuata. Mkondo huo huingizwa kwenye repo mpya kwa git fast-import. Uzuri wake ni kwamba unasomeka, kwa hiyo unaharirika, na hatari yake ni hiyo hiyo. Niliandika skripti fupi iliyokamata kila mstari wa mwandishi na wa mpokeaji, ikaweka jina la kampuni na anwani ya ofisi. Ilimaliza upesi, bila kosa lolote kwenye skrini. Historia nzima ikawa imeandikwa na mtu mmoja asiyekuwepo.

Nilijitetea moyoni kwamba msimbo ni mali ya kampuni. Ni kweli ni mali ya kampuni. Lakini nani aliandika mstari gani ni tukio lililotokea, na mwenye mali hapewi haki ya kulifanya lisiwe limetokea.

Hatua ya tatu ilikuwa uzembe. Git svn huzileta lebo za matoleo ya Subversion kama matawi ya mbali, si kama lebo za Git. Mwenye kuhama inampasa azigeuze ziwe lebo halisi kabla ya kutoa mkondo. Mimi nilitoa tawi kuu peke yake. Matawi ya pembeni, yaani nakala za msimbo zilizoendelezwa kando na tawi kuu, na lebo zilizoonyesha ni msimbo upi tuliompa mteja yupi, havikuingia kwenye mkondo, na kisichoingia kwenye mkondo hakifiki.

Kisha nikapima. Nililinganisha faili za mwisho za repo ya zamani na za mwisho za repo mpya, zikalingana zote. Kipimo hicho kilithibitisha kwamba leo ni ile ile, lakini juu ya jana hakikuthibitisha lolote, na niliyokabidhiwa nihamishe ilikuwa jana. Nilifuta repo ya katikati iliyotengenezwa na git svn, ambayo bado ilikuwa na majina na matawi, nikaandika kwamba seva inaweza kutumiwa kwa kazi nyingine. Sikuchukua hata bekapu ya svnadmin dump, amri moja ambayo ingeweka historia yote kwenye faili moja.

Kosa lilijitokeza kupitia chama kimojawapo kilichokuwa kinatumia toleo la zamani. Walihitaji rekebisho dogo kwenye ripoti, bila kubadilishiwa kitu kingine. Nikatafuta lebo ya toleo lao, haikuwepo. Nikachagua badiliko la tarehe iliyokaribiana na siku tuliyowafungia programu, nikatengeneza kutoka hapo, nikawapelekea. Sikujua kwamba toleo lao lilikuwa limetoka kwenye tawi la pembeni, lililobeba namna yao ya kuhesabu riba kwa mwanachama anayelipa kabla ya muda. Riba yao ilipaswa kuhesabiwa juu ya salio lililobaki, kwa siku halisi. Programu niliyowapelekea ilihesabu mwezi mzima. Wanachama waliojitahidi kumaliza deni mapema wakaonekana wanadaiwa zaidi. Mhasibu wa chama ndiye aliyegundua, naye ndiye aliyekaa na leja na kikokotoo kusahihisha akaunti moja moja kwa mkono. Alifanya kazi iliyotokana na kosa langu, na wakati ule sikumwambia kwamba ni langu.

Nilipolifungua tawi kuu nikaona maelezo mafupi: hesabu ya kulipa mapema imehamishiwa kwenye tawi la mteja, sababu ziko kwenye namba fulani. Namba hiyo haikuwa popote, na jina la mwandishi lilikuwa la kampuni. Ikabidi niulize ofisini nani aliwahi kushika riba, nikaelekezwa kwa dada mmoja aliyekwisha kuhamia kwingine. Nilimpigia.

"Kaka, mbona niliandika yote pale?" aliniambia. "Masharti yao, mfano wa hesabu, hata nani wa chama alithibitisha. Fungua tu maelezo yangu."

Nikamwambia hayapo. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na zile kazi zangu nyingine?" Nikamwambia mabadiliko yapo, ila jina lake halipo kwenye hata moja. Hapo akanieleza kwamba alipokuwa anaomba kazi alikokwenda, aliandika kwamba moduli ya riba aliijenga yeye, na kwamba kampuni ingeweza kuthibitisha. Nilielewa kwamba aliyeondoa uthibitisho ni mimi. Nilimwomba radhi kwenye simu ile, nami narudia hapa, kwa sababu kosa lililofanywa kwenye kumbukumbu ya watu wote halifai kumalizwa na watu wawili.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa tunawauzia watu daftari, tunawahimiza wasifute mstari wowote bali waandike mwingine wa kusahihisha, na ndani ya nyumba yetu nilifanya nililowakataza wateja.

Baadaye nilisoma jinsi wengine walivyopita njia hii, nikaona kwamba hata kuacha historia nyuma si lazima kuwe hasara. Torvalds alipoanza kuitunza Linux kwenye Git mwezi Aprili 2005, alianzia toleo la 2.6.12-rc2 na hakuileta historia iliyotangulia. Lakini alilisema hilo wazi ndani ya maelezo ya badiliko la kwanza kabisa, akieleza kwamba historia ipo na inaweza kuwekwa kwenye hazina ya pembeni. Ikawekwa kweli, na leo anayetaka anaziunganisha mbili hizo. Wenye GCC nao walihamia Git kutoka Subversion mwezi Januari 2020 kwa kutumia reposurgeon ya Eric Raymond. Kwa kuwa Subversion ilikuwa inamjua aliyeingiza badiliko tu, hata kama aliyeliandika ni mwingine, walipitia kumbukumbu za ChangeLog zilizoandikwa kwa miaka mingi ili waandishi wa kweli watajwe. Wao walitafuta majina yaliyokuwa yamefichika. Mimi nilikuwa nayo mbele yangu nikayafuta.

Nilichoweza kukirudisha kilitoka mahali nisipopategemea. Kwa kipindi fulani seva ya zamani ilikuwa inatuma barua pepe ofisini kila badiliko lilipoingia: namba, jina la kuingilia, tarehe, maelezo, na mistari iliyoguswa. Barua hizo hazikuwa zimefutwa. Nilizilinganisha na repo mpya kwa tarehe na maelezo, na kila nilipopata mwenzake nikaandika taarifa kwa git notes, ambayo hubandika maandishi juu ya badiliko bila kuligusa badiliko lenyewe. Ndani ya barua hizo nikapata pia maelezo ya yule dada kuhusu kulipa mapema, tukaijenga upya hesabu ya chama kile. Safari hii nilikwenda mwenyewe kumweleza mhasibu chanzo cha yaliyompata.

Nilitamani sana kuiandika upya historia mara ya pili, majina yakae mahali pake pa haki. Sikuiandika. Wenzangu walikuwa wamekwisha kujenga juu ya repo mpya, utambulisho wa mabadiliko ulikuwa umeandikwa kwenye nyaraka na kwenye mikataba ya matengenezo, na kuubadilisha kungewatupa wao kwenye shimo nililowatupia wa kwanza. Na kwa kuwa git notes hazifiki kwa anayechukua nakala mpaka aziombe, niliongeza ndani ya repo faili la watunzi, linaloonekana na kila anayeifungua, lenye majina na sehemu ambazo kila mmoja alizijenga, pamoja na maelezo ya nilichokifanya na jina langu chini yake. Mabadiliko ya kabla ya zile barua hayana ushahidi. Kwa hayo niliandika kwamba mwandishi hajulikani kwa sababu yangu.

Kwa anayekabidhiwa kazi kama hii, namwomba mambo machache. Toa kila tawi na kila lebo, na hesabu zilizotoka dhidi ya zilizofika. Hesabu pia mabadiliko yenyewe na majina ya waandishi, pande zote mbili. Hifadhi jedwali la utambulisho wa zamani na mpya. Ukitumia git filter-repo ya Elijah Newren, jedwali hilo huandikwa lenyewe, na chombo hicho hukataa kufanya kazi kwenye repo isiyo nakala mpya mpaka ulazimishe. Usikasirikie kukataa huko. Majina yakikuudhi kwa sura, faili la .mailmap huyaonyesha vizuri bila kugusa historia. Iweke bekapu ya seva ya zamani mikononi mwa mtu mwingine, na wala isifutwe kwa saini ya yule yule aliyehamisha. Zaidi ya yote, wapigie simu walioondoka.

Moduli ya riba ya programu ile iliandikwa na mwenzetu yule. Anayetaka uthibitisho aniulize mimi. Nitautoa kwa maandishi, kwa kuwa nina deni hilo kwake na kwa wengine wote ambao majina yao niliyafuta.