"Pick up": maneno mawili, kazi nyingi

 

Mwezi huu nataka tuongee juu ya maneno mawili ya Kiingereza yanayowasumbua sana wanafunzi wangu wa jioni, wale watu wazima. Ni madogo, lakini yanawashinda kuliko sarufi yote. Maneno yenyewe ni "pick up".

Najua kuna atakayesema: mwalimu, hilo tunalijua, si ni pikapu, lile gari la mizigo? Sawa kabisa. Gari lile kazi yake ni kuchukua vitu na kuvipeleka. Basi hapo umeshashika maana moja. Tatizo ni kwamba maneno haya hayatulii mahali pamoja.

Ukifungua kamusi ndogo utakuta "kuokota". Mwalimu akimwambia mtoto "Pick up that paper", anataka aokote karatasi. Hapo kamusi imesema kweli. Lakini siku hiyo hiyo nesi anakuambia "Pick up your medicine on Monday". Usiangalie chini, hakuna dawa iliyoanguka. Anasema uje kuchukua dawa yako Jumatatu. Mtu wa bodaboda akisema "I will pick you up at four", atakuja kukuchukua saa kumi. (Kumbuka, four yao ni saa kumi yetu, usije ukamngoja saa nne!)

Hayajaisha. Jirani anasema "I called but he did not pick up": nimepiga simu, hakupokea. Mwenye duka anasema "Business is picking up": biashara imeanza kuchangamka. "The baby picked up a cough": mtoto amepata kikohozi. "My radio does not pick up that station": redio yangu haishiki ile stesheni. Na mwalimu wa shule akikuambia "Your daughter picks up English fast", furahi, maana yake binti yako anadaka Kiingereza haraka, anakipata kwa kusikia tu.

Tena hapa Uganda watu wengi wanaiacha "up" nyuma. Utasikia "He is not picking", yaani hapokei simu. Au "Come and pick your results", njoo uchukue majibu yako. Kwa hiyo ukingoja usikie "up" ndipo uelewe, utangoja sana. Lakini "pick" peke yake ina kazi zake pia, kama kuchuma matunda au kuchagua.

Maana moja nataka muishike kwa mikono miwili. Kwenye magazeti na redio za hapa, mtu akisemwa "was picked up", mara nyingi ni kwamba polisi wamemkamata. Mama mmoja wa kijiji chetu alipigiwa simu na mtu wa Kiingereza, akaambiwa mtoto wake "was picked up" mbele ya shule. Mama yule neno alilijua, alikuwa amelisikia kwenye redio. Alifunga meza yake ya nyanya, akaazima pesa kwa majirani wawili, akatembea mpaka polisi. Kule wakamwambia hawana mtoto. Hapo ndipo akaanza kulia kabisa. Kumbe mjomba wa mtoto alipita na pikipiki, akamchukua, na saa ile mtoto alikuwa nyumbani anakula.

Watu walicheka sana. Mimi naona si jambo la kucheka. Yule mama hakukosa Kiingereza. Alikosa swali moja tu: "Who picked him up?" Nani amemchukua? Angejibiwa "his uncle", angeendelea kuuza nyanya zake.

Ndiyo maana darasani nawaambia, ukisikia "pick up" usikimbilie maana. Uliza kwanza mambo matatu. Nani anachukua? Anachukua nini? Wapi? Mjomba na mtoto ni jambo moja, polisi na kijana ni jambo lingine. Nesi na dawa, simu na mkono, masikio na lugha, kila jozi ina maana yake.

Sisi tuliosoma Kongo tuna ugumu mwingine. Kifaransa kimetuzoesha kila kazi na neno lake. Cha kuokota chini ni "ramasser", cha kupokea simu ni "décrocher", cha kumfuata mtoto shuleni ni "aller chercher". Tukifika kwenye Kiingereza tunatafuta utaratibu ule ule, hatuuoni, tunakata tamaa.

Lakini jamani, jibu tunalo mdomoni siku zote. Hebu fikirini neno letu "piga". Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti kanisani, tunapiga chafya. Mzungu mwenye kamusi akisoma kwamba "piga" ni kuchapa, si atatuona watu wakali sana? Hata meno tunayachapa! Lakini nani kati yetu amewahi kuchanganyikiwa? Tunaangalia neno lililo jirani na "piga", tunaelewa. Hakuna aliyetufundisha. Basi "pick up" ni "piga" ya Waingereza. Njia ni ile ile.

Jambo moja dogo la kusema vizuri: ukitumia "me", "him", "her" au "them", liweke katikati. Sema "pick him up", si "pick up him". Ukitaja jina la kitu au mtu, pande zote mbili ni sawa: "pick up the child" au "pick the child up".

Kwa nini nimeandika haya yote? Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya katiba ya 2005, lakini sisi wa hapa Nakivale tunajua kwamba kliniki na shuleni utakutana kwanza na Kiingereza au Kinyankole. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mtoto wa miaka kumi ndiye mkalimani. Anaingia na mama yake kwa daktari, anasikia habari za mwili wa mama yake ambazo si za masikio yake. Barua ya mwalimu inayomshtaki yeye mwenyewe, ndiye anaitafsiri! Mnadhani atatafsiri yote? Mtoto asaidie, ndiyo, lakini asigeuzwe kuwa masikio ya nyumba nzima. Huo ni mzigo mkubwa kwake, na mzazi naye anapungukiwa heshima ndani ya nyumba yake.

Kazi ya mwezi huu ni hii. Kila mara utakaposikia "pick" au "pick up", sokoni, kliniki au redioni, andika kwenye karatasi nani alichukua nini, na wapi. Asiyejua kuandika aweke kichwani, atatusimulia. Mkifikisha kumi, leteni darasani, tutazisoma pamoja.