Bando la Baharini

Dada yangu ni muuguzi huko Leicester, na kila apatapo likizo huja Tanga. Safari hii aligeuza kibao: alikata tiketi mbili za meli ya kitalii, yake na yangu, akaniita nimkute Barcelona. Meli ingepitia Marseille, Genoa, Naples, Messina na Valletta, kisha irudi ilikotoka. Viza ya Schengen nilipata bila misukosuko. Kilichonikosesha usingizi ni simu. Mama amezoea kunisikia kila siku baada ya isha, fundi alikuwa juu ya paa la nyumba ya familia akidai misumari asubuhi na jioni, na ada ya shule ya mtoto wangu hulipwa kwa simu hiyohiyo.

Ada niliilipa Dar es Salaam kabla ya kwenda uwanja wa ndege, na fundi nikamkabidhi kwa mjomba. Dada ndiye aliyenisisitizia. Namba za siri za benki huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya nyumbani, na laini ikizimwa baharini, muamala husubiri hadi bandari inayofuata. Mama sikuwa na wa kumkabidhi, naye alitaka kujua jambo moja: "Sasa huko majini mtanipigia na nini?"

Jibu lilianzia kwenye duka dogo la simu karibu na La Rambla. Muuzaji alichukua pasipoti yangu, akaingiza namba zake kwenye kompyuta, akanirudishia pamoja na laini. Hispania ina sheria ya kusajili laini za malipo ya kabla tangu 2007. Sisi tuliokwishaweka vidole kwenye mashine za usajili hatukuona jipya. Uzuri wa laini ile ulikuwa mbele ya safari. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za Umoja kwa bei ya nyumbani, na utaratibu huo umeongezewa muda hadi 2032. Hispania, Ufaransa, Italia na Malta zote zimo, kwa hiyo bando moja lingetufaa bandari zote. Laini ya dada haikuwa na bahati hiyo. Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja, kampuni kadhaa za huko zilirudisha tozo, na yake ilikuwa ikikatwa pauni kila siku aliyoitumia nje.

"Ila sikiliza," akaniambia tukiwa kwenye basi la kwenda gatini, "hiyo bei ya nyumbani inaishia ufukweni."

Meli ya kitalii hubeba mnara wake wa simu. Ikiwa bandarini mnara huo huzimwa, na simu zikashika minara ya nchi kavu. Ikishaiacha pwani huwashwa, ukawa unapeleka mawasiliano kwenye setilaiti. Simu haina habari kwamba iko baharini. Hutafuta mnara wenye nguvu, ikaukuta huo, ikajiunga. Mtandao wake si wa nchi yoyote. Msimbo wake huanza na 901, namba iliyotengwa kwa mitandao ya kimataifa, na bei ya nyumbani ya Umoja wa Ulaya haiufikii. Zipo kampuni za simu zinazolipisha dola kadhaa kwa kila megabaiti inayopita hapo. Picha moja ya simu za leo inaweza kufika megabaiti tatu au zaidi, na simu nyingi hupandisha picha mtandaoni zenyewe, mwenye simu akiwa amelala.

Basi tulipopanda, kabla hata ya kutafuta chumba, tuliziweka simu zote hali ya ndegeni, kisha tukawasha Wi-Fi peke yake. Meli yetu ilikuwa na programu yake iliyofanya kazi bure kwenye Wi-Fi hiyo: ratiba ya siku, saa za chakula, na matumizi yanayoandikwa kwenye hesabu ya chumba. Intaneti yenyewe huuzwa kwa vifurushi, na kwenye meli nyingi bei huzunguka dola 20 kwa siku kwa kifaa kimoja. Anayenunua kabla ya safari kwa kawaida hupunguziwa. Dada alikuwa amenunua mapema, kifurushi cha kifaa kimoja, nasi tukakichangia: mmoja akimaliza anajitoa, mwenzake anaingia. Ubaya wake ni kwamba mtu husahau kujitoa, akaenda kuogelea, mwenzake akabaki anamzungukia sitaha zote.

Usiku wa kwanza tulihudumiwa na kijana ambaye beji yake ilikuwa na jina, na chini yake neno Kenya. Nilipomsalimu kwa Kiswahili, sahani nusura zimponyoke. Mtu wa Likoni. Alituambia kwamba mabaharia nao hununua intaneti yao, na mshahara ukiisha kwa kuangalia video, mke hakuelewi.

"Dadangu, Wi-Fi ya meli ni mtego kwa simu," alisema huku akimwaga maji. "Simu ikiona Wi-Fi hudhani iko nyumbani, inafungulia kila kitu. Zima hifadhi ya picha. Zima masasisho. Kwenye WhatsApp, zima picha na video kujipakua zenyewe. Na mkishuka, mkiona sisi tumejazana kwenye benchi moja gatini, jueni hapo pana intaneti ya bure."

Tulifanya hayo yote hapo mezani, na tofauti ilionekana usiku uleule. Kifurushi chetu hakikuhesabu megabaiti, lakini kasi hugawanywa kwa abiria wote, na picha zangu zilipoacha kugombea njia, sauti ya mama ikapita. Juu kabisa ya meli kulikuwa na makuba meupe, makubwa kama matangi ya maji ya ghorofani, ambamo huwekwa antena za setilaiti. Setilaiti za zamani za mawasiliano ziko umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, ndiyo maana simu za melini zilisifika kwa kuchelewa: unauliza, unangoja, mnajibizana kwa kukatizana. Tangu 2022 kampuni kubwa za meli za kitalii zilianza kufunga Starlink, ambayo setilaiti zake huzunguka karibu kilomita 550 tu juu yetu. Kiangazi, Ulaya hii iko nyuma ya Tanga kwa saa moja, kwa hiyo tulipanga na mama: yeye saa mbili na nusu usiku, sisi saa moja na nusu. Muda wa chakula cha jioni chetu ukasogezwa.

Asiyezima simu tulimwona tulipokaribia Genoa. Jirani yetu wa meza, mstaafu kutoka Manchester, alikuwa ameiacha simu mfukoni ikiwa imewashwa tangu Marseille. Hakupiga, hakupigiwa. Simu ilikuwa ikivuta barua pepe tu. Ujumbe wa kampuni yake ulipoingia, deni lilizidi alichokwisha kunywa baa, na mzee yule hakuwa mnywaji wa kubahatisha. Alipiga simu kulalamika, nayo ikaongeza deni.

Bandarini mambo yalikuwa mepesi. Marseille meli hutia nanga mbali na mji, ukapanda basi hadi Bandari ya Kale, na laini ya Hispania ilitusaidia kujua basi la mwisho la kurudi. Naples unashuka ukakutana uso kwa uso na ngome ya Castel Nuovo, na humo vichochoroni tulitembea kwa ramani tuliyoipakua tukiwa hotelini Barcelona. Kifaa cha simu kinachotambua mahali ulipo hupokea tu mawimbi kutoka angani, hakihitaji bando. Laini yangu ya nyumbani niliiwasha kila bandari kwa dakika chache, data yake ikiwa imezimwa, ili ujumbe wa benki uingie.

Mlango-bahari wa Messina una upana wa kilomita tatu hivi panapokaribiana zaidi, bara upande mmoja na Sicily upande wa pili. Dada aliingia kwenye mipangilio, akaondoa simu kwenye kujichagulia mtandao, akachagua kwa mkono mtandao wa Italia. Bando la Barcelona likafanya kazi tukiwa bado tunaelea. Hiyo ni hila ya pwani nyembamba tu; katikati ya bahari jina pekee linalojitokeza kwenye orodha ni la mnara wa meli, na hilo halichaguliwi.

Valletta tulimpigia mama kwa video kutoka bustani ya Upper Barrakka, juu ya bandari kuu, bila kukumbuka kwamba saa sita mchana hapo hupigwa mzinga wa heshima. Ulipolia, simu ikatetemeka mkononi.

"Enhe! Mmeingia vitani?" mama akauliza.

Asubuhi ya kushuka, karatasi ya hesabu ya chumba ilionyesha kahawa na zawadi za dukani. Intaneti ilikuwa imelipwa kitambo, na mstari wa simu haukuwa na kitu. Dada aliikunja akaiweka kwenye pasipoti, akisema ataitoa kila mtu akimwambia meli ni za matajiri.

Niliporudi Dar nilijiunga na bando la wiki, la bei ya chai na vitumbua, nikazama kwenye kazi. Siku ya tatu mama akapiga mwenyewe, nami nikasema nilikuwa nimebanwa.

"Baharini, dola ishirini kwa siku, ulinipigia saa mbili na nusu bila kukosa," alisema. "Hapa bando la bei ya vitumbua unaniambia umebanwa. Basi nitakupandishia bei."

Tangu hapo saa mbili na nusu ni ya mama, na fundi akinitafuta muda huo atakuta simu inaongea.