Mbwa Mwenye Ugonjwa wa Mafigo

Katika miji yetu ya shaba mbwa hulinda ua usiku kucha, wala hakuna amwulizaye hali yake maadamu abweka. Sisi tukaao Manika, mjini Kolwezi, tuna mbwa mzee aitwaye Simba, aliyetulinda miaka 11. Kiangazi cha mwaka jana alianza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa uani, hata mlangoni. Akakonda, akatapika, na pumzi yake ikanuka vibaya. Jirani akatushauri: «Mnyimeni maji, naye ataacha kukojoa.»

Shauri hilo lilitolewa kwa nia njema, lakini lingalimwua. Mganga wa mifugo, baada ya kupima damu na mkojo, alitueleza kwamba mafigo ni chujio la damu. Yakichakaa, hayawezi tena kuyazuia maji yasitoke mwilini. Kukojoa ndiko kuletako kiu, wala si kiu iletayo kukojoa. Tena dalili hizo huonekana baada ya theluthi mbili ya nguvu za mafigo kupotea, na iliyopotea hairudi. Lililobaki ni kuyapunguzia mzigo.

Basi tulishika kanuni hizi.

Kwanza, bakuli la maji safi halikosekani mchana wala usiku. Binti yetu huyachota kisimani, na ndoo moja zaidi si mchezo. Lakini alipojua sababu, hakunung'unika tena.

Pili, mifupa, maini na dagaa vimekatazwa, kwa kuwa vina fosforasi nyingi inayoyachosha mafigo. Makayabu pia, kwa ajili ya chumvi yake.

Tatu, hupewa wali mweupe, ute wa yai uliopikwa, na nyama kidogo iliyochemshwa, mchuzi wake ukamwagwa. Hatii mdomoni chakula chenye kitunguu, maana ni sumu kwa mbwa. Hula kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Vipimo aliviweka mganga, kwani nyama ikipunguzwa mno mnyama hudhoofika, na chakula cha nyumbani chaweza kukosa madini mengine.

Nne, hapewi vidonge vya watu vya kutuliza maumivu, kama ibuprofeni. Huyaharibu mafigo upesi.

Tano, tunafukuza panya na kunawa mikono kwa sabuni tufutapo mkojo. Upo ugonjwa wa leptospira, uenezwao kwa mkojo wa panya, unaoharibu mafigo ya mbwa na kuwapata watu pia.

Lililo gumu kuliko yote ni kumwona akiwakodolea watoto macho wakati wa bukari na samaki, nao wasimtupie kitu. Watoto wamejifunza kwamba kumpenda mgonjwa si kumpa kila atakacho.

Simba hakupona, wala hatapona. Lakini anakula, na usiku bado hubweka. Siku atakapokataa chakula na maji, tutamwita mganga ampumzishe bila mateso. Mpaka siku hiyo, fichani mifupa na chumvi, enyi wenye mbwa. Maji msiyafiche kamwe.