Swali la Babu

Simu iliingia saa sita kasoro usiku, siku ya Ijumaa, wakati ambapo Kabalagala ndiyo kwanza inaamka. Nimepanga chumba nyuma ya Barabara ya Ggaba, na dirisha langu hupokea muziki wa baa tatu kwa mpigo, pamoja na kelele za vijana wa boda wanaogombania abiria. Nilijifunika blanketi hadi kichwani ili nimsikie kaka.

Kaka huyu ni mtoto wa baba mkubwa. Alipelekwa Marekani akiwa na umri wa miaka saba, na sasa ni muuguzi katika mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Kikamba chake kimekwisha, zimebaki salamu tu. Kiswahili anajifunza upya, na tumekubaliana kwamba tukipigiana simu Kiingereza kiwekwe kando.

"Mdogo wangu, niulizie Babu," akasema. "Nimenunua mishale, vimebaki vichwa vyake. Dukani kuna aina mbili. Muulize, yeye angechukua ipi?"

Akanitumia picha. Cha kwanza kilikuwa na wembe tatu zilizokazwa imara, zimejipanga kuzunguka ncha. Cha pili kilikuwa chembamba kama kalamu, na wembe mbili zimekunjwa ubavuni. Hicho, alisema, hufunguka kinapomgonga mnyama. Mwezi wa kumi msimu wa upinde ungekuwa umefunguliwa kwao, na alikuwa na kibali cha kuwinda.

Wenzangu mnaosoma Kiswahili mtanihurumia. Kabla ya kumpigia Babu, nilitaka kwanza nijue mimi mwenyewe ninazungumzia nini. Huyo mnyama ni nani? Tumezoea kumwita kulungu, lakini kulungu wetu ana pembe zisizodondoka, na kwa wanasayansi yuko karibu na ng'ombe kuliko na mnyama wa kaka, ambaye dume lake hudondosha pembe na kuota mpya kila mwaka. Biblia ya Union imemwita ayala, neno ambalo nje ya kanisa silisikii. Nikaamua abaki kulungu. Kwenye kamusi nikakuta hazina niliyokuwa nikiipita kila siku. Kichwa cha mshale ni kigumba, au chembe. Mti wake ni wano, uzi wa upinde ni upote, na mfuko wa mishale ni podo au ziaka. Kaka alikuwa ameniambia kwamba vigumba vya dukani hupimwa kwa kipimo cha kale cha Waingereza kilichotokana na punje ya nafaka, na kwamba vyake vilikuwa vya punje 100, yaani kama gramu sita na nusu. Kwa hiyo ningeweza kusema "chembe cha chembe mia" nikawa sahihi mara mbili. Nilicheka peke yangu.

Asubuhi nilipiga simu Kitui. Shangazi akampelekea Babu. Nilimweleza kwa Kikamba, polepole, aina zile mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Yule wa mwaka jana, alimfuata?"

Sikujua kulikuwa na wa mwaka jana. Babu alikuwa amesikia kwa baba mkubwa. Nikasema nitauliza. Babu akasema, "Basi uliza," akamrudishia shangazi simu.

Kaka alinyamaza muda mrefu nilipomfikishia swali hilo. Kisha akasimulia. Mwaka uliopita alitumia kigumba cha kukunjuka. Kulungu alisimama kwa mshazari, mshale ukaingia karibu na bega, mnyama akatimka. Alifuata damu kama hatua mia mbili, giza likaingia, mvua ikaanza, na zamu yake hospitalini ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Akarudi nyumbani. Alipopata nafasi ya kurudi msituni, mvua ilikuwa imeosha kila kitu.

"Wembe hazikufunguka sawasawa," akasema. Halafu, baada ya kimya, "Lakini sijui kwa kweli. Sikumpata."

Kiswahili kina jina la pale katikati, chini ya kidari, ambapo habari mbaya humgonga mtu: chembe cha moyo. Hapo ndipo niliposikia maneno yale, kwa sababu nilijua ni mimi nitakayeyapeleka kwa Babu. Niliyapeleka kama yalivyo. Babu akasema, "Haya." Kwa wiki nzima, kila nilipotaja vigumba, aliniuliza kuhusu masomo.

Inafaa nieleze Babu ni nani katika jambo hili. Alifundishwa upinde na baba yake, upande wa Kitui unaoelekea Tsavo, wakati ambao tayari sheria ya wakoloni ilimtaka mwindaji awe na leseni, nao hawakuwa nayo. Mwaka 1977 Kenya ilipopiga marufuku uwindaji nchi nzima, alitundika upinde wake na hakuushusha tena. Sisemi haya ili kumsifu wala kumshtaki. Nasema kwa sababu mshale wake na mshale wa kaka ni vitu viwili tofauti, ingawa kwa macho vinafanana.

Kigumba cha Babu kilikuwa mbebaji. Kazi yake ilikuwa kupenya ngozi na kuingiza sumu iliyopakwa nyuma ya ncha. Sumu hiyo hutoka kwenye mti ambao Waswahili huuita msungu, na kiini chake ni uabaini, jina ambalo mkemia Mfaransa alilichukua kutoka neno la Kisomali, waabaayo. Uabaini husimamisha moyo. Kwa hiyo jeraha dogo lilitosha, mradi sumu iwe mbichi, ndiyo maana wazee waliizungushia kipande chembamba cha ngozi isikauke wala isimchome mbebaji. Kaka hawezi kupaka sumu, sheria ya jimbo lake inakataza. Mshale wake unaua kwa ukali peke yake: lazima wembe zikate mapafu au moyo, mnyama atoke damu upesi. Kigumba kikiwa butu, kikipinda au kikikwama kwenye mfupa, hakuna kitu kingine nyuma yake cha kumaliza kazi. Atakayelipa ni kulungu, kwa siku nzima au zaidi.

Nilipofahamu hivyo nilitaka kushika kigumba mkononi mwangu. Karibu na kwangu, njia ya kupanda Muyenga, kuna fundi Mkongo kutoka Bunia anayetengeneza mageti na sigiri. Nilimpelekea msumari wa inchi sita na mchoro niliouchora kwa kukumbuka mishale iliyokuwa ukutani kwa Babu.

"Dada, unataka kuua nani?" akauliza, huku akicheka lakini akinitazama vizuri.

Nikamweleza kuwa ni mfano tu, ni wa kumwonyesha mzee. Akautia msumari kwenye makaa hadi ukawa mwekundu, akauponda juu ya kipande cha reli anachokitumia kama fuawe, akauacha upoe. Nilimsubiri nikila kabalagala za mama wa jirani, zile chapati ndogo za ndizi na unga wa muhogo zenye jina moja na mtaa wetu. Kigumba kilitoka kizuri, chenye umbo la jani. Nikamlipa shilingi elfu tano.

Jioni shangazi alimshikia Babu simu ya picha. Alikitazama kigumba changu kwa makini, akasema, "Kiegemeze kwenye jiwe, ukikanyage." Nikakikanyaga. Kikapinda kama kijiko cha bati. Babu akacheka hadi akakohoa, mara ya kwanza baada ya wiki ile.

Mwenzangu wa darasani, Mtanzania kutoka Karatu, ndiye aliyenipa sababu. Kwao, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutengeneza vigumba vya misumari pia, lakini huiponda ikiwa baridi. Chuma laini kikipashwa moto na kuachwa kipoe polepole huzidi kulainika. Kikipondwa baridi huwa kigumu. Nilirudi kwa fundi na msumari wa pili. Alilalamika kwamba mkono unamuuma, lakini alifanya. Hicho hakikupinda.

Babu alipokiona cha pili alianza kusema mwenyewe. Kwanza, kikanyage kabla hujakiamini, kwa sababu mbavu za mnyama hazitakubembeleza. Pili, kipitishe mkononi, kisiponyoa malaika kinoe tena. Tatu, kikishafungwa kwenye wano, uzungushe mshale kwenye kucha zako. Ncha ikiyumba, mshale nao utayumba hewani. Nne, piga mazoezi kwa kigumba kilekile utakachotokea nacho porini, usitumie kingine chepesi ukadhani ni sawa.

Nikayapeleka kwa kaka moja baada ya jingine. Aliniambia kwamba lile la kuzungusha mshale wawindaji wa huko hulifanya vilevile, juu ya meza au kiganjani. Alifurahi kama mtoto.

Halafu tukarudi kwenye swali lake la kwanza, safari hii tukiwa na vipimo. Kigumba cha kukunjuka kina sifa yake: kikiwa kimefungwa hakishiki upepo, kwa hiyo huruka karibu sawa na kichwa cha mazoezi, na kikifunguka vizuri hufanya jeraha pana. Lakini sehemu ya nguvu ya mshale hutumika kukifungua, na kitu kinachofunguka kinaweza pia kugoma, hasa kikimgonga mnyama kwa mshazari. Cha wembe zilizokazwa hakina cha kugoma, na hupenya kwa nguvu ndogo zaidi. Kasoro yake ni kwamba wembe hushika upepo kama mabawa, na upinde usiporekebishwa vizuri mshale huenda kando. Kaka alikuwa ameumia bega kwa kuinua wagonjwa, na upinde wake wa kapi alikuwa ameushusha hadi ratili 50. Kwa nguvu hiyo hakuwa na ziada ya kugawia kitu cha kufunguka. Alichukua cha kukazwa, akatumia mwezi mzima kurekebisha upinde wake hadi vigumba na vichwa vya mazoezi vikapiga mahali pamoja kwa yadi 20. Zaidi ya hapo, aliapa, hatapiga.

Siku moja nilimuuliza Babu kwa nini alishikilia lile swali. Akanieleza kwamba akiwa kijana alimpiga tandala kwa sumu iliyokwisha kauka, kwa uvivu wa kutengeneza nyingine. Jioni alirudi nyumbani mikono mitupu. Baba yake alimuuliza, alimfuata? Usiku uleule alirudishwa porini. Walimkuta asubuhi, fisi wamemtangulia. Mishale yao ilikuwa na alama ya ukoo, akasema, na mtu mwingine angemkuta tandala yule akiteseka, angesoma alama na kujua ni mtoto wa nani aliyemwacha.

Kaka aliposikia hayo aliomba alama hiyo. Nilimchorea na kumtumia. Aliikwaruza kwa kisu kwenye kila wano.

Mwezi wa kumi na moja simu iliingia tena usiku, kelele za Kabalagala zikiwa palepale. Alikuwa amempiga kulungu kwa yadi 17, nyuma ya bega. Alikaa chini nusu saa kama inavyotakiwa, asimfukuze, kisha akafuata damu. Zamu ya kesho alikuwa ameomba mwenzake amshikie, kabla hata hajatoka nyumbani. Alimkuta baada ya hatua themanini, amekwisha kufa. Akanitumia picha ya mshale. Nikampelekea Babu.

Babu hakuuliza ukubwa wa pembe wala wingi wa nyama. Aliikuza picha kwa vidole kama alivyofundishwa na shangazi, akasema, "Wembe mmoja una pengo. Kipande kiko wapi?"

Kaka hakuwa ameliona. Nyama alikuwa amekwisha kuikata na kuipanga kwenye friji, na ana watoto wawili. Hata hicho tulichokichagua kwa makini yote kilikuwa kimevunjika kidogo mahali fulani. Alitoa mafungu yote, akaanza kupapasa moja moja kwa vidole. Mimi nilisinzia nikiwa na simu sikioni.

Alfajiri, baa zikiwa zimefungwa na mama wa kabalagala akiwasha sigiri yake, nilikuta picha mpya: kichuma kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, juu ya kiganja chake. Kilikuwa kwenye nyama ya bega la upande wa pili.

Nikaituma Kitui. Shangazi aliniandikia jibu la Babu: "Sasa amemfuata."