Wakaazi wa Changarawe

Tangu nilipoingia katika kazi ya kupiga picha chini ya maji katika ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, ambako mwaka 1995 ilianzishwa hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania, sikuvutwa sana na kasa wala papa, bali na viumbe wasiotimia urefu wa kidole, waishio mchangani na chini ya vifusi vya matumbawe.

Walionishika moyo zaidi ni kamba mdogo mchimbaji na kisamaki mwenziwe, ambao hukaa shimo moja kwa muawana wa ajabu: kamba, kwa kuwa macho yake ni dhaifu, husomba mchanga na changarawe mchana kutwa, na kila atokapo huweka sharubu yake juu ya mwili wa kisamaki alindaye mlangoni, naye huyu, aonapo hatari, hutikisa mkia, na kamba hurejea ndani papo hapo.

Kamera ya Nikonos niliyoanza nayo ilikuwa madhubuti, lakini kwa picha za karibu ilitaka fremu ya waya itangulie mbele ya lenzi, na hapana mlinzi atakayestahamili waya mlangoni pake. Basi nikahamia kamera ya kasha lisiloingiza maji, yenye lenzi ya milimita 105, nikawa nalala kifudifudi mbali kidogo, katika siku za maji mafu, kwani wakati wa bamvua mkondo wa mlango wa ghuba uitwao Kinasi huvuruga kila kitu, nikivuta pumzi taratibu ili mapovu yasiwashtue, mpaka kamba atoke na jiwe katika magando yake. Hapo ndipo taa ilipomulika na kuirejesha rangi nyekundu, ambayo maji huimeza katika mita chache za mwanzo.

Nimewaona wapiga picha wakimchokoa kiumbe kwa kijiti ili atoke penye nuru. Naitakidi kwamba picha ya namna hiyo ni shahada ya uongo, maana makao ya kiumbe ni nusu ya habari yake.

Wahariri walitaka kiumbe akuzwe ajaze ukurasa, na picha zangu zenye shimo na kifusi zilirudishwa mara nyingi. Hizo nilizipeleka kisiwani Jibondo, ambako wavuvi wa pweza, walioyapita mashimo yale tangu utotoni, walizishika kwa zamu, na mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, na usiku mlinzi huyu hulala wapi?" Nikamjibu kwamba jua likichwa wote wawili huingia ndani, na mara nyingi mchanga huuziba mlango hadi asubuhi. Akataka aione picha ya mlango uliozibwa, nami nikaanza kuzamia magharibi.