Kezilahabi Bado Anasubiriwa Ipililo

Mwandishi Euphrase Kezilahabi alifariki dunia Dar es Salaam Januari 9, 2020, na huku Gaborone habari ile ilituingia kama msiba wa nyumba ya pili. Alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Botswana. Watanzania wa mji huu walimtaja kwa fahari, hata sisi ambao hatukupata kuketi naye meza moja. Tulikusanyika nyumbani kwa mwenzetu mmoja, tukasali, kisha yakaanza mazungumzo ya wasomaji.

Mzee mmoja alikumbuka Rosa Mistika, riwaya yake iliyotoka mwaka 1971 na kuzuiwa shuleni kwa muda, jinsi ilivyozunguka bwenini kwa zamu huku walimu wakiitafuta. Dada mmoja muuguzi alisema, “Baba yangu alikuwa Zakaria yule yule,” akanyamaza. Hakuna aliyehitaji maelezo. Katika riwaya hiyo Zakaria anamlinda bintiye Rosa kwa fimbo, halafu binti anatoka kwenda kukutana na dunia ambayo hakuna aliyemfundisha kuiishi. Nyumba za namna hiyo zilikuwepo kisiwani kwake Ukerewe, na kwetu Simiyu zilijaa.

Mimi nilitaja Gamba la Nyoka, riwaya yake ya mwaka 1979. Wasukuma tulizoea kaya zilizotawanyika, kila mji na mifugo na mashamba yake. Operesheni ya vijiji ya miaka ya sabini ilipofika, wazee wetu walisogezwa pamoja, wengine wakiwa hawataki. Nilikua nikisikia habari hizo vipandevipande, kwa sauti ya chini. Kuzikuta ndani ya riwaya hiyo, zimeandikwa na mtu wa kisiwa cha jirani, wakati siasa yenyewe ilikuwa bado ina nguvu, kulinifanya nimheshimu mwandishi huyu kuliko wote.

Lipo jingine linalonifunga naye. Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, alianza na Kikerewe. Kiswahili alikikuta mbele ya safari, kama mimi nilivyotoka kwetu Ipililo, Simiyu, na Kisukuma kinywani. Akaishi miaka mingi katika nchi ya Kitswana na Kiingereza, na bado mwaka 2008 akatoa Dhifa, mashairi ya Kiswahili. Aliyeona vijana wetu wanavyosahau lugha huku ughaibuni atajua uzito wa jambo hilo. Hakuna aliyemlazimisha. Nyumba aliyoihama kwa mwili aliendelea kuijenga kwa kalamu.

Siku zile nilimpigia simu mdogo wangu, mwalimu wa sekondari nyumbani. Ulikuwa msimu wa palizi ya pamba, watu wako mashambani. Nikamuuliza wanafunzi wake wameupokeaje msiba huo. “Kaka,” akasema, “jina wanalijua kwa sababu ya mtihani. Vitabu vyenyewe wengi hawajavishika. Wanasoma uchambuzi tu.” Maana yake wanajua dhamira za riwaya ambayo hawajaisoma, wanajua Rosa alikufa bila kumpenda kwanza akiwa hai.

Tangu hapo nazipima nyumba zangu mbili hivi. Gaborone nina umeme, nina rafu, nina jioni tulivu za kusoma, lakini sina wa kubishana naye mpaka usiku kuhusu Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi. Ipililo wabishi wapo tele, tena hodari. Kitabu ndicho hakipo.

Na hao watu wa Ipililo si wageni wa kuenzi wafu. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma za Wasukuma, wanapoingia uwanjani kushindana kwa ngoma, wanacheza kwa majina ya Ngika na Gumha, waganga wa karne ya 19. Kijana aliyezaliwa juzi anajitambulisha kwa mmojawapo na kumtetea kwa jasho lake. Wapenzi wa namna hiyo ndio mwandishi anaowastahili: wanaoichukua kazi yake na kuitia uwanjani kila mwaka. Hotuba zetu za sebuleni zilikuwa za dhati, ila hazikutoka nje ya mlango.

Ukerewe ina kidonda cha zamani cha vitabu vinavyochelewa kufika. Mwandishi mwingine wa kisiwa hicho, Aniceti Kitereza, alimaliza riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, kwa tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili, na mwaka 1981 akafariki kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Miaka 35 mswada ulingoja. Kezilahabi alichapishwa angali kijana, akasomwa akiwa hai, akafundishwa vyuoni. Kwake kilichochelewa ni safari ya kitabu kutoka duka la mjini hadi dawati la kijijini, na safari hiyo hata sisi tulio mbali tunaweza kuifupisha.

Tulio ughaibuni tunachangishana upesi kwa misiba na harusi, na ni vizuri. Basi nawaomba, hasa wenzangu wa Maswa na Bariadi: ukienda likizo na kupita Dar es Salaam, ingia duka la vitabu, nunua nakala za Kezilahabi kadiri ya uwezo wako, zipakie kwenye basi la Simiyu pamoja na mizigo mingine, na uzikabidhi kwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya kata yako. Mwombe awape wanafunzi waende nazo nyumbani.