Dar mpaka Butiama ni saa ngapi?

Najua nimekuwa kimya wiki mbili na kuna walioniuliza kama nimedisco. Hapana jamani. Nilikwenda nyumbani Butiama, tulimzika bibi.

Mama alipiga simu saa 4 usiku. "Mwanangu, bibi yako ametutoka. Tunazika kesho saa 9." Nilikaa kitandani nikaanza kupiga hesabu, maana kulia ningelia njiani. Kwa barabara, Dar mpaka Musoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Basi la alfajiri lingenishusha Makutano usiku, kaburi limeshafunikwa. Mtu anayeruka kutoka Dar anafika Dubai kabla basi letu halijaingia Dodoma!

Ikabaki ndege ya Mwanza, saa moja na nusu tu. Bumu lilikuwa halijatoka. Rumu-meti wangu akazunguka mlango kwa mlango na kofia yake, na saa 6 usiku nauli ilikuwa imetimia. Sitasahau.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nilipima kwenye ramani: ukinyoosha mstari kutoka Dar, Musoma na Mwanza ziko karibu sawa, kama kilomita 850 kila moja. Lakini mimi ndege iliniacha Mwanza saa 3 na nusu asubuhi, na Musoma bado kilomita kama 220 za lami.

Nikadandia hiace. Kisesa, Magu, Lamadi, pale Serengeti inapokaribia kugusa ziwa. Saa 8 mchana tukaingia Bunda, na hapo safari ikafa. Gari lilikuwa linaishia hapo, na la kwenda mbele haliondoki mpaka lijae. Nilikaa siti ya dirishani saa nzima na dakika kumi nikihesabu abiria. Nilishavuka nchi nzima kwa dakika tisini, sasa nimekwama kwa sababu wamepungua watu watatu. Nikamwambia konda nitalipia siti mbili, akaniangalia, akasema, "Dogo, bado moja." Sikuwa nayo.

Makutano nikachukua bodaboda. Nilifika saa 10 na dakika 20. Vijana walikuwa wanamalizia kurudishia udongo. Wakanipa chepe bila kusema kitu, nikaongeza machepe machache ya juu.

Jioni nilimuuliza baba mdogo, kwa hasira kidogo, kwa nini hawakunisubiri. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akazikwa hapahapa kijijini tarehe 23. Siku tisa! Baba mdogo akakoroga moto. "Yule alikuwa wa nchi nzima, mwanangu. Sisi tulikuwa na gunia moja la unga na watu wote hawa." Halafu akaongeza, "Bibi yako angekwambia hivyohivyo." Kweli, angesema.

Kwa hiyo wadau, mkiulizwa Dar mpaka Butiama ni saa ngapi, msijibu saa moja na nusu. Hesabuni na Bunda.

Mliochanga, asanteni sana. Bumu likitoka nawarudishia, majina yote ninayo. Na kama bibi yako yupo, mpigie leo, usingoje likizo. Tuonane lecture Jumatatu.